Kushusha injini na giaboksi ya mkonga, hatua kwa hatua

Masika yakishika, watalii wanapungua na magari ya safari yanarudi mjini. Ukipita Unga Limited hapa Arusha mwezi wa nne utakuta Land Cruiser zimepangwa hazina boneti, injini zimekaa chini kwenye mbao, na vijana wamepiga magoti kwenye tope wanasaka bolti iliyoanguka. Ndio msimu nilioanza nao kazi, nami nimeshusha injini nyingi kuliko nilivyofungua kitu kingine chochote kwenye gari.

Mwongozo huu nauandika kwa gari ninalolijua zaidi: Land Cruiser HZJ75 yenye injini ya 1HZ, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililosimama pembeni ya kioo cha mbele. 1HZ ni ya dizeli, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 4.2, haina tabo, na imekuwepo tangu mwaka 1990. Ukiwa na Hilux yenye injini aina ya 2L au 3L, mpangilio wa kazi ni uleule, ila mzigo ni mwepesi zaidi na nafasi ya mikono ni ndogo zaidi.

Kabla hujashika spana naomba ulikubali jambo moja. Matatizo mengi niliyoyaona baada ya injini kupandishwa, gia kukataa kuingia, oili kuvuja nyuma, taa ya chaji kuwaka, gari kutetemeka, yalianza siku ya kushusha. Mtu aliharakisha, hakuweka alama, akauacha mzigo uning'inie mahali pasipostahili. Kwa hiyo kila unachofungua, kifungue ukiwa unamfikiria yule atakayekuja kukifunga, hata kama ni wewe mwenyewe wiki mbili baadaye.

Kabla ya kufungua chochote

Washa gari ukiwa bado unaweza. Sikiliza. Kanyaga klachi, ingiza gia zote, jaribu transfa (boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Ingia chini na tochi uangalie oili inatokea wapi. Usianze kuosha, maana ule uchafu mweusi una habari. Oili ikiwa imetiririka kuanzia kwenye kava la valvu kushuka nyuma ya injini, sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) inaweza kuwa nzima na lawama ikawa ya gasketi ya juu. Ukiosha kwanza, umefuta ushahidi, na utanunua vitu kwa kubahatisha. Piga picha, kisha ndipo upeleke gari likaoshwe.

Na lioshwe kwelikweli. Vumbi la Natron na la Ngorongoro ni laini kama unga, likikutana na oili linaganda na kuficha vichwa vya bolti kabisa. Spana ikikaa juu ya uchafu huo haishiki vizuri, inateleza, na kichwa cha bolti kinakuwa mviringo. Funika oltaneta wakati wa kuosha, halafu liache gari likauke usiku mzima. Jioni hiyohiyo nyunyizia dawa ya kutu kwenye nati za ekzosi na za propela (shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu). Usiku mmoja wa kulowa unaokoa nusu saa ya kupigana na nati moja.

Mahali pa kufanyia kazi pana uzito wake. Arusha na Moshi ni miji iliyokaa kwenye miguu ya milima, ardhi tambarare ni ya kutafuta. Giaboksi ikishatoka, kuacha gari kwenye gia hakusaidii kitu, na kama hendibreki ya gari lako imefungwa nyuma ya transfa, nayo inaondoka pamoja na transfa. Injini ikishazimwa na paipu la vakiumu kutolewa, breki ya mguu inabaki ngumu kama jiwe. Maana yake, kuanzia adhuhuri ya siku ya kwanza gari lako halina cha kulizuia isipokuwa kabari. Weka kabari za mbao nene mbele na nyuma ya magurudumu mawili angalau. Matofali ya saruji usiyategemee kwa kazi yoyote hapa, si ya kuzuia tairi wala ya kubeba chesi, kwa sababu yanapasuka ghafla bila kutoa dalili.

Cha kunyanyulia ni lazima ukijue kabla. Injini ya 1HZ peke yake inapita kilo 300. Ukiwa na winchi ya gereji ya magurudumu na sakafu ya zege, mshukuru Mungu. Wengi wetu tunatumia miguu mitatu ya mabomba na cheni bloku. Hiyo inafaa kabisa ikiwa cheni bloku ni ya tani moja au zaidi, na miguu imefungwa kwa mnyororo huku chini ili isifunguke. Wakati wa mvua weka bamba la chuma au ubao mpana chini ya kila mguu, la sivyo mmoja utazama wakati injini iko hewani. Tawi la mti sikubaliani nalo hata kidogo. Najua linatumika. Lakini miti iliyojaa kwenye viwanja vyetu ni mgrevilia na mjakaranda, na yeyote aliyekaa huku anajua matawi ya miti hiyo yanavyovunjika hata kwa upepo tu.

Vifaa vingine ni vya kawaida: spana na soketi kuanzia namba 10 hadi 22 (14 na 17 ndizo zitakazochoka), ekstensheni ndefu mbili, krosi ya soketi (kiungo kinachoipindisha soketi), koleo, bisibisi, jeki mbili, stendi nne za chuma, na mabeseni. Tafuta pia makopo ya kuwekea bolti. Mifuko ya plastiki imekatazwa tangu Juni 2019, lakini kopo la majarini au chupa ya maji iliyokatwa vinafanya kazi nzuri zaidi kuliko mfuko, maana unaona kilichomo. Kila kopo liandikwe: ekzosi, stata, propela ya mbele, na kadhalika.

Pamoja au moja moja?

Vitabu vingi vinaonyesha injini ikitoka na giaboksi yake kwa mkupuo mmoja, kupitia mbele. Inawezekana. Ila kwenye mkonga, injini, giaboksi na transfa vikiungana vinakuwa kitu kirefu kizito kinachotakiwa kuinamishwa sana ili mkia upite juu ya chesi. Kwa winchi nzuri na watu watatu wenye uzoefu, sawa. Kwa miguu mitatu ya mabomba, mimi siwezi kumshauri mtu. Ninashusha giaboksi kwanza kutokea chini, kisha naitoa injini kutokea juu. Inachukua saa chache zaidi, lakini kila mzigo unabaki mikononi mwako. Watu wawili wasio na haraka watatumia siku mbili.

Kazi ya juu

Toa waya wa hasi wa betri kwanza, halafu wa chanya. Mkonga mwingine una betri mbili. Zitoe zote, ziweke mbali na cheche.

Chora mstari kwa kalamu ya rangi kuzunguka bawaba za boneti, ndipo uifungue pamoja na mwenzako. Mstari huo utakusaidia boneti irudi palepale bila kukwaruza.

Mwaga maji ya rejeta injini ikiwa imepoa kabisa. Oili ya injini ni kinyume chake: imwage ikiwa na joto kidogo, itoke na uchafu wake. Inatoka nyingi kuliko ya gari dogo, karibu lita 10, kwa hiyo usije na beseni la kunawia mikono. Mwaga na ya giaboksi na transfa pia. Oili chafu iende kwenye pipa. Mito ya Naura, Themi na Goliondoi inapita katikati ya mji huu na kuna watu wanamwagilia mboga kwa maji hayo. Na yale maji ya rangi ya kupozea injini, ile kulanti, ni matamu ulimini na ni sumu, usiyaache kwenye beseni mahali penye watoto au mbwa.

Fungua mapaipu ya rejeta. Yakigoma usiyavute kwa nguvu, shingo ya rejeta itavunjika. Yazungushe kwanza kwa mkono mpaka yaachie. Toa kava la feni, toa feni, ndipo uchomoe rejeta yenyewe, uisimamishe mahali ambapo hakuna atakayeipiga teke. Kama unaweza kutoa na grili ya mbele, itoe, utaifurahia kesho.

Sasa waya. Hapa ndipo simu yako inafanya kazi ya fundi wa pili. Piga picha ya kila upande kabla ya kugusa, kutoka mbali kisha karibu. Halafu funga kipande cha tepu ya karatasi kwenye kila waya, uandike namba, na namba hiyohiyo uiandike pale ulipotoka. Oltaneta, stata, plagi za kupasha joto, swichi ya oili, sensa ya joto, ule waya wa kwenye pampu ya dizeli unaozimia injini. Picha peke yake haitoshi, nimeshaona picha ishirini za waya nyeusi zilizopigwa usiku ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma.

Fungua kebo ya mafuta, paipu la hewa kutoka kwenye mkonga, paipu la vakiumu la busta ya breki, na mapaipu ya hita nyuma kwenye ukuta wa kabini. Kama kuna AC, usifungue mapaipu ya gesi. Fungua kompresa kwenye bolti zake, isogeze pembeni ikiwa na mapaipu yake na uifunge kwa waya. Pampu ya stelingi nayo, ukiweza kuifungua bila kugusa mapaipu, fanya hivyo.

Mapaipu ya dizeli ni mawili, la kupeleka na la kurudisha. Yakishafunguka, yazibe papo hapo, pande zote mbili, kwa kifuniko safi cha plastiki au kipande cha mpira chenye bolti ndani. Usizibe kwa pamba wala kitambaa kinachotoa nyuzi. Ndani ya pampu na nozeli, vyuma vimekaribiana kiasi kwamba hata dizeli hupenya kwa shida. Punje moja ya vumbi la Longido ikiingia pale, injini uliyoitengeneza kwa fedha nyingi itakohoa siku ya kwanza na mwenye gari atakuuliza wewe.

Malizia juu kwa kufungua paipu la ekzosi pale linapoungana na manifodi. Nati zile zilizolowa usiku zifungue taratibu, mbele kidogo na nyuma kidogo. Stadi (ile bolti isiyo na kichwa) ikikatika bado si msiba, injini inatoka, itatobolewa ikiwa mezani.

Chini ya gari

Ndani ya kabini kwanza. Toa mpira wa gia, kisha mkono wa gia wenyewe na wa transfa. Kwenye Toyota nyingi, kofia ya shina la gia inabonyezwa chini na kuzungushwa, inatoka mzima mzima. Ziba tundu kwa kitambaa safi, funga kwa tepu. Sarafu iliyoangukia mle ndani ni kazi ya kufungua giaboksi nzima.

Nyanyua gari na ulikalishe kwenye stendi nne chini ya chesi. Lisukume kwa mkono kabla ya kuingia. Likitikisika, rekebisha.

Propela zote mbili ziwekewe alama. Piga mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye flenji hadi kwenye propela, ili zirudi kwenye mashimo yaleyale. Weka alama nyingine pale zinapoteleza katikati, na uzifunge kwa waya zisichomoke. Propela inasawazishwa kiwandani ikiwa kitu kimoja. Ukiichomoa ukairudisha imepishana, gari litavuma kuanzia spidi ya 60 na hakuna atakayejua kwa nini.

Silinda ndogo ya klachi iliyoko pembeni ya giaboksi usiifungue paipu lake. Fungua bolti zake mbili, itundike kwa waya kwenye chesi. Hivyo hutahitaji kutoa upepo baadaye. Toa tangazo kwa kila mtu aliyepo gereji kwamba klachi isikanyagwe, kwa sababu mguu mmoja tu na pistoni inaruka nje na mafuta yake. Mimi hufunga kamba nyekundu kwenye pedali.

Kisha kebo ya spidi, waya za taa ya rivasi na za transfa, kebo ya hendibreki kama iko pale, na stata. Stata ni nzito kuliko inavyoonekana, mwache mwenzako aishike wakati unamalizia bolti ya pili.

Kutenganisha giaboksi na injini

Hapa nenda polepole kuliko mahali pengine popote.

Giaboksi imebebwa na krosimemba, kile chuma kipana kinachokatiza chesi, na injini imekaa kwenye mauntini (vikalio) zake mbili za mbele. Ukitoa krosimemba, mkia unashuka, na injini nayo inainamia nyuma. Kwa hiyo unahitaji jeki mbili. Ya kwanza inabeba injini kwa nyuma, na kipande cha mbao juu yake kikae chini ya bloku, si katikati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), maana sampu itabonyea na kugusa kichujio cha pampu ya oili. Ya pili inabeba giaboksi, mahali inapojisawazisha. Patafute kwa kuitikisa mpaka uone haiegemei upande wowote. Giaboksi na transfa yake vinapita kilo 100, si kitu cha kukipokea kifuani, ingawa nimewaona vijana wakifanya hivyo.

Fungua krosimemba. Shusha jeki zote mbili kidogo kidogo, sentimita 5 hivi, mpaka uone bolti za juu za belihauzingi (ganda la mbele la giaboksi linalofunika klachi) kwa nyuma. Zile mbili za juu kabisa ndizo zinazowatesa watu. Unganisha ekstensheni mbili na krosi ya soketi, pitisha juu ya giaboksi kutokea nyuma, na mwenzako akae juu kwenye injini akuelekeze soketi kwa vidole. Ukijaribu kuzifikia kutokea juu kwa spana fupi utaharibu saa nzima na ngozi ya mkono.

Bolti za belihauzingi hazilingani urefu. Chukua ubavu wa boksi la oili, chora duara la belihauzingi jinsi unavyoliona, toboa matundu, na kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Boksi hilo liandike "mbele" na "juu", kisha litundike ukutani. Bolti ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inafika chini kabla ya kukaza, fundi anaongeza nguvu, na nyuzi za ndani zinang'oka.

Usitoe bolti zote. Acha mbili, kushoto na kulia, usawa wa katikati. Halafu chukua bolti mbili ndefu za saizi ileile zilizokatwa vichwa, zichomeke kwenye matundu mawili yaliyo wazi na uzikaze kwa vidole. Hizo ndizo reli zako. Ukishatoa zile mbili za mwisho, giaboksi itarudi nyuma ikiwa imenyooka, ikiteleza juu ya reli, mpaka shafti itoke yote ndani ya klachi.

Nazisisitiza reli hizi kwa sababu nimeshalipia kutokuwa nazo. Nilikuwa kwenye mwaka wangu wa pili wa kujifunza. Tulikuwa wawili chini ya gari, jioni, na kesho yake gari lilitakiwa. Tulipotoa bolti ya mwisho, giaboksi ilirudi nyuma kiganja kimoja, ikainama, na jeki ilikuwa imekaa mbele mno. Ikabaki imening'inia kwa shafti yake, kwenye meno ya katikati ya sahani ya klachi. Haikuchukua hata dakika moja kuisogeza jeki. Tuliangalia, hatukuona kitu, tukaendelea. Siku tatu baada ya gari kuondoka lilirudi: gia ya kwanza haiingii bila kukwaruza. Tulishusha giaboksi upya, na mzee aliyekuwa anatufundisha akaiweka ile sahani juu ya kioo cha dirisha kilichotolewa mlangoni. Upande mmoja ulikaa. Upande wa pili ulinyanyuka, na mwanga ulipita chini yake kama uzi. Kitovu chake kilikuwa kimepinda.

"Mnaona huo mwanga?" alituuliza. "Huo ndio mshahara wenu wa wiki hii."

Hakupandisha sauti. Tuliipandisha ile giaboksi kwa siku mbili bila malipo.

Basi, giaboksi ikianza kurudi, mmoja awe kwenye jeki na mwingine aangalie ule mwanya kati ya belihauzingi na injini. Mwanya uwe sawa juu na chini wakati wote. Juu ukipanuka kuliko chini, mkia umeshuka, pandisha jeki. Isiposogea kabisa, usiichokonoe kwa bisibisi nene, kwani uso wa alumini utaumia. Tafuta bolti uliyoisahau. Ipo. Mara nyingi ni ile ndogo ya bamba la chini. Ikishatoka yote, ishushe polepole na uivute nje ikiwa imelala kwenye jeki.

Kuinyanyua injini

Jeki ya nyuma ya injini ibaki chini ya injini, ila ishushwe kidogo kidogo pamoja na gari. Gari lishushwe kutoka kwenye stendi, lisimame kwa magurudumu yake na kabari zake. Wengi hulisahau hili. Miguu mitatu ya mabomba haitembei. Injini itapanda juu na kubaki hewani, na gari ndilo litakalosukumwa nyuma. Kama gari bado liko kwenye stendi, utakuwa na kilo 300 zinaning'inia na hakuna pa kwenda.

1HZ ina ndoano za kunyanyulia, mbele na nyuma, kwenye silinda hedi. Tumia hizo. Kama mtu alizitoa siku za nyuma akaziacha kwake, tengeneza mabamba ya chuma nene na uyafunge kwa bolti madhubuti palepale. Usifunge mnyororo kwenye manifodi wala kuupitisha chini ya mapaipu ya nozeli. Kamba ya katani, mkanda wa kiti, waya wa kufungia mizigo: vyote hivyo viache kwenye mizigo.

Mnyororo wa mbele uwe mfupi kidogo kuliko wa nyuma, ili pua ya injini itangulie kupanda na sampu ivuke chuma cha mbele cha chesi. Kaza cheni bloku mpaka mnyororo unyooke na ubebe uzito. Ndipo, na si kabla, ufungue nati za mauntini.

Pandisha sentimita 3. Simama.

Zunguka injini yote kwa tochi. Kuna kitu bado kimeshika. Sijawahi kushusha injini ambayo pale kwenye sentimita 3 sikukuta kitu: ule waya wa athi mfupi unaotoka nyuma ya hedi kwenda kwenye ukuta wa kabini, kapaipu ka dizeli ya kurudi, kishikizo cha waya kilichofichwa na stata. Pitisha mkono wako nyuma, gusa, usitegemee macho tu. Ndipo uendelee.

Wakati cheni inavutwa, mmoja avute, mmoja aielekeze injini kwa mkono akiwa amesimama pembeni. Mkono wa mtu usiingie kati ya injini na chesi, na mtu asipite chini yake hata kwa kuokota kopo. Injini ikizunguka, iache izunguke, kisha uirudishe ikitulia. Ikishavuka chuma cha mbele, toa jeki iliyokuwa nyuma, toa kabari, watu wawili walisukume gari nyuma taratibu, na mmoja awe tayari na kabari mkononi, maana usisahau kwamba halina breki. Gari likisimama, kabari zirudi kabla ya jambo lingine.

Ishushe injini mapema. Injini hewani si ya kuacha watu waende kunywa chai.

Ikishatoka

Isikae kwa sampu. Tengeneza kitanda cha mbao mbili nene au fremu ya vyuma vya pembe, ikae kwa miguu ya mauntini zake. Matundu yote yazibwe.

Klachi nayo weka alama, presha pleti (bamba linaloibana sahani) na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), halafu legeza bolti zake kwa kuruka upande hadi upande, nusu mzunguko kila moja, ili presha pleti isipinde. Lile vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa. Sahani za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Sasa kaa na mwenye gari mzungumze fedha, mkiwa mmesimama mbele ya kitu kilicho wazi. Sili ya nyuma ya krenki, beringi ya klachi, ile beringi ndogo iliyoko katikati ya flaiwili, mauntini zote: mimi huzibadilisha hata kama bado zinaonekana nzima. Atakuambia unamwongezea gharama. Mwonyeshe giaboksi iliyolala chini, umuulize kama anataka kuilipia tena mwezi wa saba, gari likiwa na wageni. Mkanda wa taimingi pia, ikiwa kilomita 100,000 zimekaribia, ubadilishwe sasa, kwani hutaupata tena ukiwa wazi namna hii.

Na kama mpango ni kuweka injini nyingine badala ya hii, usifunge biashara kabla hujasafisha bloku zote mbili na kusoma namba zilizogongwa. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo mwenye gari aende TRA na karatasi halali za mauzo ya injini mpya, kadi irekebishwe. Piga picha ya namba ya zamani kabla haijaondoka gereji.